Je, Aliyetumwa Hana Hatia?

Wazee wetu walisema, "Mjumbe hauawi." Nao walisema vema, kwa kuwa mjumbe huchukua maneno ya mwingine, hayaongezi wala hayapunguzi. Lakini tukiangalia sana twaona ya kuwa watu wengi wameitandaza methali hii, hata imefunika mambo isiyoyahusu. Mtu afanyapo neno baya kwa mkono wake mwenyewe, akiulizwa hujibu, "Sikupenda, niliamriwa." Basi twauliza: je, amri ya mkubwa yaweza kuiondoa hatia ya mkono uliotenda?

Swali hili liliulizwa mbele ya mataifa yote baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945. Huko Nürnberg, katika Ujerumani, wakubwa wa serikali ya Hitler walihukumiwa mwaka 1945 na 1946, na sheria ya baraza lile ilisema ya kuwa amri ya mkubwa haimtoi mtu katika hatia, ila yaweza kumpunguzia adhabu. Kisha mwaka 1961 Adolf Eichmann, aliyesimamia safari za magari ya moshi yaliyowachukua Wayahudi kwenda kuuawa, alishtakiwa Yerusalemu. Naye alijitetea kwa maneno yale yale, ya kuwa alitii tu.

Mwaka huo huo Stanley Milgram, mwalimu wa elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, katika Marekani, alitaka kujua watu wa kawaida watatii mpaka wapi. Aliwaita kwa gazeti na kwa barua wanaume wa kazi mbalimbali: makarani wa posta, walimu, mafundi, vibarua. Kila mmoja alipewa dola 4 na nusu, akaambiwa ya kuwa fedha hiyo ni yake, hata likitokea jambo gani. Kazi yake ilikuwa kumfundisha mwenzake maneno, na kila mwenzake akikosa, kumpiga kwa umeme kwa kubonyeza swichi. Swichi zilikuwa 30. Ya kwanza ya volti 15, ya mwisho ya volti 450, na kila kosa liliongeza volti 15. Kwa kweli hapakuwa na umeme uliomfikia yule mwenzake, maana alikuwa wa shauri moja na Milgram. Lakini aliyebonyeza hakujua hayo.

Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1963 walikuwa watu 40. Walipofika volti 300 walimsikia mwenzao, aliyefungwa kitini katika chumba cha pili, akipiga ukuta. Baada ya volti 315 palikuwa kimya, wala hakujibu tena. Msimamizi hakushika fimbo wala hakutisha. Alisema tu, kwa sauti ya utulivu, ya kuwa yapasa kuendelea. Watu 26 kati ya wale 40 walibonyeza mpaka swichi ya mwisho. Wako waliomlaumu Milgram kwa kuwadanganya watu na kuwatesa mioyo, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini aliyoyaona hayafutiki.

Tusidhani ya kuwa watu wale walikuwa wakatili. Walitoka jasho, walitetemeka, walishikwa na kigugumizi, wengine walicheka kicheko kisicho cha furaha. Dhamiri yao haikulala. Ilipiga kelele, na mkono ukaendelea. Kumbe kusikia uchungu moyoni si sawasawa na kukataa! Mtu aweza kulihuzunikia neno analolitenda, na huzuni yake isimfae hata kidogo yule anayeumizwa.

Sababu yake ni nini? Milgram alieleza ya kuwa mtu akijiweka chini ya mkubwa hujiona chombo tu, na mzigo wote huuona kuwa wa mwenye amri. Wataalamu waliokuja baadaye, kama Alexander Haslam na Stephen Reicher, husema ya kuwa watu huendelea kwa kuwa wameisadiki kazi ile kuwa njema na ya heshima, nao wapenda kuwa wasaidizi wazuri. Sisi twaona ya kuwa njia hizi mbili zapita mlango mmoja: mtu ameacha kujiuliza. Tena hatua zenyewe zilikuwa ndogo. Haba na haba hujaza kibaba. Aliyekubali volti 15 huona haya kukataa 30. Na aliyekubali 285, atasema nini juu ya 300?

Lakini liko na jambo la kututia moyo. Milgram alipoweka mezani watu wawili wengine, walioagizwa kwa siri wakatae katikati ya kazi, ni watu 4 tu kati ya 40 waliofika mwisho. Mmoja akisema "Siendelei," wenzake hupata kinywa. Tena alikuwako mwalimu mmoja wa Agano la Kale aliyekataa. Alipoulizwa baadaye, alieleza ya kuwa mtu aliye na Mungu kuwa mkubwa wake wa mwisho huiona amri ya mwanadamu kuwa ndogo.

Hatusemi ya kuwa utii ni mbaya. Nyumba, shule, hospitali na usharika havisimami pasipo utii. Twasema hivi: mtu aweza kumpa mkubwa wake nguvu zake na siku zake, lakini dhamiri yake hawezi kumkabidhi. Na sisi tulio na neno la kuamuru, hata kama ni darasani tu, yatupasa kuogopa zaidi, maana watusikiao waweza kutenda kwa ajili yetu wasiyoyapenda wao wenyewe. Mkubwa mwema huwazoeza walio chini yake kuuliza, wala hamhesabu aulizaye kuwa mwasi.

Basi mjumbe asiuawe. Ila aliyetumwa kumwumiza mwenzake si mjumbe tena, naye hana budi kujibu pamoja na yule aliyemtuma.