Mlinzi Amzuiaye Mwenye Nyumba

Mwizi yupo. Tuanze na hilo, maana asiyelikubali hana haki ya kuilaumu kufuli. Ni wachache nchini wenye simu wasiopata kupokea ule ujumbe wa mtu asiyejulikana, akiwaagiza waitume "ile fedha" kwenye namba nyingine. Tangu fedha za simu zilipoanza Tanzania mwaka 2008, kibindo cha wengi kimehamia ndani ya simu, na wezi nao wamehama pamoja nacho.

Faida yake wakulima wa Usambara waijua sana. Mwenye kabichi na karoti huko Lukozi au Mlalo halazimiki tena kumngoja dereva wa lori arudi toka Kariakoo na noti zilizopita mikono mingi. Malipo yafika kabla lori halijageuza.

Lakini tumfikirie bibi wa Mtae aliyeshika jembe miaka hamsini katika miteremko ile. Mwaka 2019 iliagizwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, na muda wa mwisho ukasogezwa toka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020. Sababu ilikuwa njema. Ila mashine husoma mistari ya ngozi, na mistari hiyo hufutwa na jembe, na saruji, na uzee wenyewe. Zamani asiyejua kuandika alitia dole gumba mahali pa sahihi, likawa kimbilio lake. Leo dole lilelile lamkana.

Basi bibi akosee namba ya siri mara tatu, afungiwe. Alipe nauli, ateremke mpaka Lushoto mjini, kidole kikataliwe, aambiwe arudi siku nyingine. Atafanyaje? Atampa mjukuu namba ya siri, au atamwachia wakala, au ataiandika nyuma ya daftari. Ukali uliokusudiwa kumlinda umemfundisha uzembe. Na fedha zikipotea ataambiwa kosa ni lake, kwani alikatazwa kuitaja namba kwa mtu yeyote.

Je, ana hatia? Waalimu wa maadili wameshika tangu kale kwamba hakuna afungwaye na lisilowezekana. Sharti lisiloweza kushikwa na mzee mwenye akili timamu na nia njema lina kasoro ndani yake, hata likiwa limeandikwa vizuri namna gani. (Mjukuu naye, akijikatia shilingi elfu mbili "za usumbufu" bila kusema, asijifiche nyuma ya hoja hii.)

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipofundisha juu ya dhana mbaya katika kitabu chake kikuu cha teolojia, alitenga mambo mawili. Kumhukumu mtu kuwa mbaya bila ushahidi ni kumdhulumu. Lakini atayarishaye dawa ya uovu aweza kukisia lililo baya zaidi, ili dawa iwe na nguvu ya kutosha. Twaona hapo benki na kampuni za simu zapata utetezi wao: kufuli iliyowekwa kwa wote haimtukani yeyote. Ila karani wa dirishani amwambiaye bibi maneno ya kumwambia mwizi ameacha kutibu, ameanza kuhukumu.

Tena kuna gharama ya dawa. Anayeweka mlinzi mlangoni humlipa mshahara mwenyewe, hawadai wageni. Hapa aliyejikinga ni mwenye benki, na nauli imelipwa na bibi. Hilo ndilo lituchukizalo, wala si kufuli.

Mtasema, mlango ukilegezwa kwa ajili ya bibi, mwizi ataingia amejifunga kanga yake. Kweli. Hatuombi ulegezwe, twaomba mlango wa pili, imara kama wa kwanza: mashine ipandishwe Mlalo siku ya gulio, na pale kidole kinaposhindwa, ushahidi wa mwenyekiti wa kitongoji na jirani wawili uwe na nguvu. Bibi huyo akiteremka toka Mtae, njiani watu kumi watamwamkia kwa jina na kumwuliza hali ya wajukuu. Asiyemjua ni kile kioo kimoja tu, na nyuma yake ndiko ziliko fedha zake.