Muheme Sebuleni

Junaid wa Baghdad, mwalimu wa masufi aliyefariki mwaka 910, aliweka masharti matatu kwa anayetaka kusikiliza nyimbo: wakati, mahali na wenzi. Yakikosekana, asisikilize. Karibu miaka 200 baadaye Imamu Ghazali aliyachukua masharti hayo akayafafanua katika Ihya Ulumuddin, kitabu kinachojulikana vyema katika madarasa ya pwani ya Afrika Mashariki. Wakati, alieleza, usiwe ule ambao chakula kimeshaandaliwa, swala imeingia au moyo umeshikwa na ugomvi. Mahali pasiwe njia ya wapita njia. Na wenzi wasiwe wanaochukia kinachoimbwa, wala wanaojitia kuguswa ili waonekane.

Masharti hayo yaliwekwa zama ambazo sauti haikuweza kutengana na koo lililoitoa. Kwa sababu hiyohiyo yanafaa kuulizwa upya ndani ya duka la vifaa vya umeme jijini Dodoma, pale mteja anapolinganisha sabufa yenye spika mbili na yenye spika nne, spika ndogo ya Bluetooth ya kubeba mkononi, na hedifoni za kufunika masikio. Anadhani anachagua sauti. Anachoamua kwa kweli ni nani atasikia, akiwa wapi na saa ngapi, na uamuzi huo una uzito wa kimaadili ambao muuzaji hawezi kumbebea.

Wateja wa namna hiyo wameongezeka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini ni tangu 2016 ndipo serikali ilipohamia kwa kasi, na maeneo kama Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa yakajaa nyumba mpya. Nyingi zinafanana: kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru, madirisha ya aluminiamu, paa la bati. Humo zinaingia nyimbo zilizokusanywa kwa miaka mingi kwenye simu, flashi, memori kadi na diski za kompyuta: kwaya, kaswida, taarabu, Bongo Fleva, zilipendwa za Afro 70, bendi ya Patrick Balisidya aliyezaliwa Mvumi, kusini mashariki mwa mji. Na katika nyumba za wenyeji, Wagogo, mara nyingi ziko nyimbo za Hukwe Zawose.

Zawose alizaliwa mwaka 1938 katika kijiji cha Doduma. Alichukuliwa enzi za Mwalimu Nyerere kuimbia taifa, akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na ilimba na zeze, na mwaka 1996 akatoa albamu ya Chibite kwa kampuni ya Real World, ambayo studio zake ziko katika kijiji cha Box, Uingereza. Alifariki Desemba 2003. Kabla yake, mwaka 1950, Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi muziki wa makabila mengi, Wagogo wakiwemo; hazina yake leo inatunzwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kijana wa Bahi au Mpwapwa anayetaka kusikia sauti za kizazi cha babu yake anaweza basi kulazimika kuziagiza kutoka ng'ambo, zikiwa mafaili.

Zilipoondoka nyumbani, sauti hizo ziliacha mengi nyuma. Muheme ni ngoma ya wanawake: wanazibana mapajani ngoma zenye kiuno chembamba, wanazipiga na kuimba, na asili yake imefungamana na unyago na jando. Nyimbo za cipande ni za makumbi, yaani jando la Wagogo, linalofanyika msimu wa kiangazi baada ya mavuno. Kila moja ya nyimbo hizi ilizaliwa ikiwa na saa yake, uwanja wake na watu wake. Hapakuwa na haja ya Junaid kuwafundisha Wagogo masharti yake. Jamii ilikuwa ikiyaishi. Rekodi ndiyo iliyoyafungua mafundo yote matatu kwa mkupuo, ikampa mwenye flashi uwezo wa kupiga muheme saa sita usiku wa Januari, peke yake, akipiga pasi.

Je, hicho anachokisikia bado ni muheme? Jibu la haraka ni kwamba sivyo, na wako watakaolitoa kwa hasira. Lakini jibu hilo linasahau kwamba bila rekodi sehemu kubwa ya sauti hizo isingesikika tena na mtu yeyote. Jibu la kinyume, kwamba sauti ni sauti popote inaposikika, nalo halitoshi, maana linamfanya mwimbaji kuwa chanzo cha mawimbi ya hewa tu. Lililo karibu zaidi na kweli ni kwamba rekodi inakuja ikiwa na deni. Inatoa sauti, na inamwachia msikilizaji kazi ya kurudisha kile anachoweza kukirudisha: pengine mahali, pengine wenzi, pengine wakati. Kifaa kizuri ni kile kinachomsaidia kulipa.

Deni la kwanza ni la sauti yenyewe. Ilimba, marimba ya vidole ya Wagogo, hutobolewa vitundu ambavyo huzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wa kukwaruza. Mvumo huo ni wa makusudi. Fundi wa ilimba asiye na utando hajamaliza kazi yake. Sasa, mtu aliyelelewa na rekodi laini za studio akiisikia ilimba kwa mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Programu za kusafisha sauti huwa na mwelekeo uleule: zimeundwa kutafuta mkwaruzo na kuuondoa. Hapa swali la falsafa linakuwa la vitendo kabisa. Nani ameamua ipi ni sauti na ipi ni kelele?

Swali hilo limo hata ndani ya faili. MP3 ilitengenezwa hasa na wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, na kifupi chake cha mwisho wa jina la faili kilichaguliwa mwaka 1995. Kanuni yake ni kuondoa kile ambacho sikio linatarajiwa kutokisikia, kwa kuwa kimefunikwa na sauti nyingine yenye nguvu. Dakika moja ya muziki wa CD, wenye vipimo 44,100 kwa sekunde, huchukua takribani megabaiti 10. MP3 ya kiwango cha chini kilichozoeleka huibana hadi karibu megabaiti moja. Mmoja wa waasisi, Karlheinz Brandenburg, alirekebisha mbinu hiyo kwa kurudia mara nyingi wimbo wa Suzanne Vega anaoimba bila ala yoyote. Ugumu ulibaki kwenye sauti zinazoanza ghafla na kukatika, na muziki wa Kigogo umejaa hizo: njuga miguuni, kiganja juu ya ngozi, ulimi wa chuma wa ilimba unapopigwa na kidole gumba. Faili lililobanwa mno linazigeuza kuwa ukungu. Ndiyo sababu anayejali hununua au kuhifadhi nyimbo hizi katika muundo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa chochote. Nafasi ya diski imekuwa rahisi. Kisingizio cha kubana kimekwisha. Inafaa kukumbuka pia kwamba Bluetooth huibana sauti mara nyingine njiani, hivyo waya wa kawaida kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye amplifaya bado una heshima yake.

Mahali, kwa nyumba za Dodoma, ni marumaru. Sakafu ngumu, kuta tupu na vioo vikubwa hurudisha sauti kabla haijapoa, na uimbaji wa Wagogo, wenye sauti nyingi zinazosukana kwa pamoja, hugeuka kuwa uji. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa vitasaidia kuliko kuongeza fedha kwenye spika. Sabufa ikiwekwa kwenye kona, besi yake huongezeka yenyewe. Ikisogezwa mbali na kona na kupunguzwa, sauti za katikati, yaani za watu, hupata nafasi. Kosa kubwa la sebule nyingi ni hilo la besi. Sabufa iliyopandishwa mpaka vikombe vitetemeke inawafuta wanawake wa muheme na kuacha mshindo usio na mwenyewe.

Wenzi ndio sharti gumu. Hedifoni humpa msikilizaji kila kitu isipokuwa mtu wa pili. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika mji ambao leo uko Algeria, aliandika katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake jinsi alivyohangaika na uimbaji kanisani: alijua unainua mioyo dhaifu, akaogopa pale uzuri wa sauti ulipomgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Hofu yake ilikuwa ya kufurahia bila kuelekea kokote. Lakini hata yeye alikuwa ndani ya kusanyiko, na kusanyiko lilimshika mkono. Msikilizaji wa hedifoni hana wa kumshika. Nyimbo za kuitikiana zinahitaji mwitikiaji, hata kama ni mtoto wa darasa la tatu anayepiga makofi kwa kukosea.

Hedifoni hazistahili kulaumiwa kwa kila jambo. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mgonjwa kitandani, Mgogo anayesoma ughaibuni katika bweni lenye kuta nyembamba: kwa hawa upweke si uchaguzi, na sauti ya nyumbani masikioni ni riziki. Isitoshe, wenzi wa mwenye sabufa si wa ndani tu. Jirani ni mwenzi asiyeulizwa. Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo zipo, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, limekuwa likizitumia dhidi ya baa na kumbi, hata nyumba za ibada. Lakini kabla ya sheria kuna ujirani, ambapo msiba nyumba ya tatu au adhana ya magharibi inatosha kuizima sauti bila mtu kutumwa.

Hapo wenzi na wakati vinakutana. Huduma za muziki za mtandaoni zimejengwa ili wimbo usiishe: mmoja ukikoma, programu inaleta mwingine unaofanana nao, mpaka bando likatike. Muziki unakuwa hewa ya chumba. Mkusanyiko unaomilikiwa, uliowekwa kwenye diski nyumbani na nakala yake ikahifadhiwa kwa ndugu, una kikomo, na kikomo hicho ni neema. Mtu anachagua albamu, inaanza, inaisha, kimya kinarudi. Ghazali alitaka msikilizaji ahudhurie kwa moyo, asigeukegeuke huku na huko. Orodha isiyo na mwisho inamfundisha kinyume chake.

Liko jambo jingine ambalo hakuna kifaa kinacholifanya chenyewe, nalo ni majina. Faili lililoandikwa "Gogo 03" limepoteza wenzi wake wote. Tracey aliandika kadi kwa kila rekodi: nani aliimba, wapi, kwa ala gani. Anayepanga mkusanyiko wake jioni moja moja, akijaza jina la mwimbaji, kijiji, mwaka na shughuli ya wimbo, anawarudisha watu hao ndani ya nyumba. Pia anajipa nafasi ya kugundua kwamba baadhi ya nyimbo hazikukusudiwa sebule. Wimbo wa makumbi ulikuwa na wasikilizaji wake, na wasiokuwa wake. Kuwa umerekodiwa na kusambazwa hakumpi mwenye diski ruhusa ambayo wazee hawakuitoa. Nyimbo za aina hiyo zikae kwenye folda ya pembeni, nje ya orodha ya kuchanganya, na aulizwe anayejua. Tangu 2009, tamasha la muziki wa Wagogo lililoasisiwa na Dk. Kedmon Mapana linavikutanisha vikundi vya vijiji huko Chamwino, na hapo wako watu wa kuulizwa, wakiwa na ngoma zao mapajani.

Mipaka hiyo husogea, na wanaoisogeza ni wenye muziki wenyewe. Katika ukoo wa Zawose wanawake waliimba nyuma na kupiga muheme. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha, wakiongoza kuimba na kuzishika ala hizo kwa mikono yao. Ni rekodi nzuri ya kupimia sabufa mpya. Ichezwe ikiwa faili lisilopoteza kitu, kwa waya, familia ikiwa imekaa, kitufe cha besi kikiteremshwa taratibu hadi kila sauti ya mwanamke isikike peke yake na mvumo wa ilimba ubaki na ukali wake. Spika isiyoweza kufika hapo irudishwe dukani ingali na risiti.