Beit el Ajaib na Wenyewe

Beit el Ajaib, jumba linalotazama bahari pale Forodhani, Unguja, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash bin Said. Lilikuwa la sherehe na mapokezi. Mafundi wa Mji Mkongwe walizoea kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari za boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Hapa ikatumika mihimili ya chuma, kumbi zikawa pana na ndefu kupita desturi. Baadaye likatiwa umeme na lifti, vitu vigeni Afrika Mashariki wakati huo.

Agosti 27, 1896, katika mvutano wa kurithi kiti baada ya kifo cha Sultan Hamad bin Thuwaini, manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme kwa muda usiofika saa moja. Beit el Hukm, jirani ya Beit el Ajaib, likabomoka. Beit el Ajaib likasalimika, na mwaka uliofuata likaongezewa mnara wa saa mbele. Kuanzia 1911 likawa ofisi za serikali ya kikoloni: makarani na majalada mahali pa wageni wa Sultan.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye likafanywa makumbusho. Ukumbini palisimamishwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja.

Kila aliyelishika alilipatia kazi mpya. Kazi mpya hutangazwa siku moja. Matengenezo hayana siku ya mwisho. Chuma cha pwani hula kutu, mvua hupenya paani na kulegeza chokaa, na ufa hausubiri bajeti. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Desemba 25, 2020, ukarabati uliogharamiwa na Oman ukiendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki.

Mji Mkongwe una nyumba nyingi zilizowekwa wakfu. Kwa sheria ya wakfu, katika pato la nyumba hukatwa kwanza fungu la matengenezo, ndipo wanufaika wapate fungu lao. Utaratibu huo unalifaa pia jumba la umma: mwenyewe hasa ni yule anayetenga fedha za chokaa kabla ya fedha za sherehe.