Amana Iliyo Mkononi mwa Mjumbe

Ndugu zangu wa Lushoto, wa Mlalo na wa Bumbuli, fungueni Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakapanda. Mitume kumi na wawili wangeweza kujifungia chumbani wakateua. Hawakufanya hivyo! Waliita mkutano mzima, wakauachia uchague watu saba. Yasomeni hayo majina: Stefano, Filipo, Prokoro, mpaka Nikolao. Yote ni ya Kigiriki. Inaonekana upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa meza.

Na kwetu je? Mwaka 2020 kura za maoni za ubunge ndani ya CCM zilipigwa na wajumbe, na nchi nzima ikaimba kwamba wajumbe si watu. Wengi walicheka. Mimi niliumia, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu kugombea bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki ya kugombea bila chama miaka mingi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikampa ushindi. Mlango huo haujafunguliwa hadi leo.

Basi mlango uliobaki ni mmoja, chama, na mjumbe ni miongoni mwa walioshika ufunguo wake. Mama anayeshusha viazi Lukozi alfajiri, akashindiliwa lumbesa na kulipwa bei ya gunia la kawaida, hayumo ukumbini wajumbe wanapopiga kura. Siku ya uchaguzi mkuu atakuta majina yamekwisha kuchapwa.

Mjumbe, sikia! Ukipokea bahasha usiku, umeuza kisicho chako. Umeuza gunia la yule mama, na barabara inayoporomoka kila masika, na dawa za zahanati. Irudishe. Irudishe leo hii, kisha nenda TAKUKURU ukamtaje aliyeileta.

Nanyi msio wajumbe, msikae kimya. Wako wanaosema kuwaita wanachama wote kupiga kura za maoni kunaleta gharama na mamluki. Nawaheshimu, na gharama ni kweli ipo. Lakini rushwa hustawi penye wapiga kura wachache. Kuinunua kata nzima kunamshinda hata tajiri. Simameni kwenye vikao vya matawi, wa chama chochote kile, mdai kila mwenye kadi apige kura. Hoja iandikwe kwenye muhtasari, na kikao kijacho muulize imefikia wapi.