Saa Isiyo na Mnunuzi

"Hana kazi." Maneno hayo mawili yaliandikwa hivi karibuni kwenye fomu ya semina moja ya ujasiriamali huko Uchindile, mbele ya jina la mama aliyekuwa ameketi na sindano mkononi, soksi ya mtoto imefika nusu. Mwezeshaji alimuuliza anauza jozi shilingi ngapi. Mama akajibu kwamba hauzi, ni za wanawe, baridi inakaribia. Kalamu ikashuka, akaitwa mwingine.

Uchindile ni kata ya milimani wilayani Kilombero, ambako reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako ikipenya mahandaki. Mtu wa Ifakara, aliyezoea joto la mashamba ya mpunga, akifika huku mwezi Juni hutafuta koti. Na anayetoka alfajiri kukata majani ya ng'ombe, miguu mitupu ndani ya mabuti ya mpira, haelezwi soksi ni za nini.

Kazi ni nini basi? Kamusi zimejibu, wanafalsafa tangu Aristotle wamejibu, na majibu hayo yanatosha kwa mtihani. Linalouma ni kwamba Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutamka kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi waliokutana Geneva nao walikubali kwamba kuzalisha kwa matumizi ya nyumbani ni kazi, ingawa si ajira. Fomu ya semina haikuwa na pa kuandika hayo.

Ipo hoja moja inayochosha kuliko zote, na husemwa kwa tabasamu la mtu aliyekwisha kushinda: soksi za dukani ni rahisi, za mtumba ni rahisi zaidi, kwa nini upoteze siku kadhaa kwa jozi moja? Piga hesabu ya muda wako, mama.

Haya, ipigwe. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila saa ina mnunuzi anayeisubiri. Nani ananunua saa ya jioni Uchindile, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na mvua za kupandia bado ziko mbali? Hakuna anayeita vibarua saa moja usiku. Saa isiyo na mnunuzi haina bei, na mtu hawezi kupoteza fedha ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuitoa.

Tena, hesabu hiyo huiona saa kana kwamba ina jambo moja tu ndani yake. Mama yule hafumi tu. Mchana analinda mahindi yaliyoanikwa yasiliwe na kuku, anasikilizia chungu cha maharage, anamsahihisha mtoto anayesoma kwa sauti, anaitikia salamu za wapita njia. Mnyang'anye sindano: hajapata saa mpya ya kuuza. Atabaki palepale akifukuza kuku.

Mwenye hoja akibanwa hapo hugeuka: basi afume za kuuza. Jibu hili ndilo linaloudhi zaidi, kwa kuwa halioni kinachobadilika. Akipokea oda ya masweta ya shule, mkono wake unakwenda kwa tarehe ya mtu mwingine, na safu iliyokosewa inakuwa hasara. Leo akikosea anafumua, anaanza upya, hadaiwi na mtu. Utulivu wa shamba la familia umo humo, katika kuwa na kauli juu ya mwendo wa siku yako.

Wapo wanaokumbusha kwamba utulivu huo unahitaji ardhi, na si kila kaya inayo, ni kweli. Wengine wanauliza kwa nini sindano ziko kwa wanawake huku wanaume wakicheza bao, nao wana haki ya kuuliza.

Turudi kwenye soksi yenyewe: kisigino chake kinastahili insha yake peke yake. Sindano za mama yule ni spoki za baiskeli zilizochongwa ncha pande zote mbili; uzi umetoka kwenye sweta la mtumba lililofumuliwa na kufuliwa, na bado umejikunja. Soksi hufumwa kwa kuzunguka mpaka kwenye kisigino, ambapo mzunguko husimama. Nusu ya vitanzi huachwa vikisubiri. Nusu nyingine hufumwa kwenda na kurudi hadi kitokee kipande bapa, kikapunguzwa katikati ili kipinde, kisha vitanzi vipya vikaokotwa pembeni. Hangaiko hili la kuufuata mguu ni la kale. Makumbusho ya British Museum, London, ina soksi ya mtoto kutoka Antinoupolis, Misri, ya yapata mwaka 300, iliyotengenezwa kwa sindano moja kwa ufundi uliotangulia ufumaji wa leo. Kidole gumba kimetengwa ili ivaliwe na kandambili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mistari yake ya rangi nyingi ilitokana na rangi tatu tu za mimea: nyekundu, buluu na njano. Mtu alizichanganya kwa subira hiyo yote kwa ajili ya mguu ambao ungekua haraka na kuiacha soksi.

Upo ugumu ambao hasira haiutatui. Ikiwa kufuma kunapendeza kwa sababu mtu anaweza kuacha, je, mwenye watoto na Juni mbele yake anaweza kuacha kweli? Baridi nayo inaamrisha. Huenda anachokifurahia ndicho kilekile kinachomlazimu, na wanaofikiri juu ya kazi wamezoea mno kuvitenga viwili hivyo. Takwimu zikimhesabu, heshima yake itapanda; lakini kinachohesabiwa huwekewa malengo, na mwaka unaofuata anaweza kuulizwa kwa nini jozi zimepungua. Utaratibu wa kumtambua bila kumpangia bado haujaonekana Uchindile, wala Geneva.