Subira ni ya Nani?

Mfanyabiashara wa mahindi hapa Songea anayetunza hesabu hukadiria mapato yake mwanzoni mwa mwaka, kisha hulipa kodi kwa awamu 4. Ndivyo Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inavyotaka. Bei ya mahindi ikianguka, huenda akawa amelipa kupita deni lake. Ziada hiyo ni mali yake. Huomba arudishiwe, naye hungoja.

Wengi humwambia, "Subira yavuta heri." Ni kweli, lakini tuangalie tunamwambia nani. Mlipaji akichelewa, hutozwa riba. Torati nayo (Walawi 19:13) yakataza ujira wa kibarua kulala kwa tajiri hata asubuhi. Anayeonywa hapo ni mwenye kushika fedha, wala si mwenye kuingoja. Subira ni fadhila ya mdai. Isigeuzwe kisingizio cha mdaiwa.

Je, anayengoja aweza kujilipa kwa kuficha mauzo ya mwaka ujao? La. Kodi hiyo ni dawa ya zahanati na chaki ya shule, na mgonjwa yule hakumkopa kitu. Bali na adai waziwazi, kwa barua na risiti, tena na tena. Kudai haki si kukosa subira.