Dhima ya Mwenye Kujua

Mnamo Julai 1947, mwezi mmoja kabla ya Bara Hindi kupata uhuru wake, B. Nagi Reddy na Chakrapani walitoa katika mji wa Madras jarida la watoto liitwalo Chandamama, kwa Kitelugu na Kitamil, ambalo baadaye lilienea katika lugha zaidi ya kumi za nchi ile, likasomwa na vizazi kadhaa hadi lilipokoma mwaka 2013. Lilikuwa jarida la kuburudisha, lililojaa picha na visa vya wafalme na majini. Walakini ndani ya burudani ile lilikaa suala ambalo hata wanazuoni hawalipiti kwa wepesi: je, mwenye kuijua haki ana ruhusa ya kuinyamazia, ikiwa kuitamka kutamharibia jambo alilokusudia?

Suala hilo limo katika kisa cha mfalme Vikrama kilichochapwa humo, ambacho asili yake ni hadithi 25 za Kisanskrit alizozikusanya Somadeva wa Kashmir, pamoja na nyingine nyingi, katika karne ya 11. Mfalme amemwahidi mtawa mmoja kumletea maiti iliyotundikwa mtini, kwa sharti asinene njiani. Na ndani ya maiti mna pepo, Betal, amsimuliaye hadithi, kisha akamuuliza hukumu yake, akimhadharisha kuwa akiijua na kuificha kichwa chake kitapasuka. Basi mfalme hunena, na anenapo maiti hurudi mtini, na taabu yote huanza upya. Mchoraji wa jarida, Sankar, alimchora mfalme upanga mkononi, mzigo begani, na watoto wa Kihindi wakamjua kwa sura hiyo.

Katika asili yake kisa kina mwisho: swali la mwisho mfalme hakulijua jawabu lake, akanyamaza kwa haki, na pepo akamfunulia kuwa yule mtawa alikusudia kumuua. Jarida halikuufuata mwisho huo. Hadithi za kale zilipokuwa hazitoshi, waandishi wake walitunga mpya, na kila mwezi mfalme akaurudia mti. Naona walifanya vyema, kwani dhima ya kusema kweli haimwishii mtu kwa kuwa ameshaitimiza jana.

Wapo wasemao kuwa mtoto asiyebaleghe hana taklifu, basi asitwishwe hukumu. Ni kweli kwamba sheria imemwondolea hesabu, lakini haikumnyima insafu. Wagawie ndugu wawili andazi kwa upendeleo, utasikia wa miaka mitano akikushtaki. Na jarida, ingawa lilichapa jawabu la mfalme, halikuweza kumzuia msomaji asilikatae.

Katika moja ya zile hadithi kongwe, wachumba watatu walifiwa na binti waliyempenda: mmoja akalala juu ya majivu yake, wa pili akaipeleka mifupa yake mto Ganges, wa tatu akatangatanga hata akapata maneno ya kumfufua. Mfalme, alipoulizwa nani kati yao ni mume wa binti aliyefufuka, alihukumu kuwa mfufuaji ni mfano wa baba, mpeleka mifupa ni mfano wa mwana, na aliyelala majivuni ndiye mume. Hukumu ile ina hekima, nami siikubali. Kwani binti alikuwa hai mbele yao, ana ulimi wake, na hapana aliyemuuliza.